Kaka Harith Apanda Daraja

Mahfudha alikuwa jikoni kwa mama yake, mtaa wa Barani, Malindi, akikaanga mahamri ya chai, nyayo za kaka yake zilipopita dirishani. Hakushtuka. Alinyoosha mkono akavuta kawa, akayafunika mahamri, maana nyayo za Harith siku hizi zilikuwa zikibambuka, na ngozi yake huanguka popote bila kuuliza.

Harith alianza kuinuka mwaka ule moyo wa Bi Raiya, mama yao, ulipoanza kujaa maji. Ndugu walichanga. Wa Mambrui, wa Lamu, wa Jeddah, kila mtu alituma alichojaliwa kwenye simu ya Harith, kwa kuwa ndiye mwanamume wa nyumba na ndiye mwenye kazi ya kuvaa tai. Hakuiba hata senti, tumpe haki yake. Alichofanya ni kulipa hospitali kwa kadi ya benki, kisha akairudishia benki kwa zile pesa za mchango, na benki ikampa pointi za safari. Kitanda cha mama, pointi. Sindano za mama, pointi. Oksijeni ilikuwa pointi maradufu, kwa sababu mama alibanwa na pumzi mwezi wa ofa.

Kisha benki ikamwandikia kwamba amepanda daraja, kutoka fedha hadi dhahabu. Kesho yake viatu vyake havikugusa sakafu.

Watu walizoea, kama wanavyozoea mtu aliyenunua gari. Kila mama akilazwa, Harith alipanda. Mkewe alimpa chai kwa sinia lililofungwa kwenye mpini wa ufagio. Mutuku, dereva wa tuktuk, alimfunga kamba kiunoni kila asubuhi akamvuta hadi kazini, akimwomba tu akunje miguu wafikapo kwenye nyaya za stima. Nauli nayo Harith alitaka kulipa kwa kadi. Mutuku alimwambia, "Bosi, hii ni tuktuk," basi wakaelewana.

Bi Raiya alikuwa na haja moja tu duniani, Umra. Nguo yake nyeupe ilikwisha kushonwa, ikatundikwa msumarini karibu na kitanda. Harith alikuwa amemwahidi mbele ya jamaa wote kwamba pointi ndizo zitakazompeleka Makka. Na pointi zilikuwapo, zilitosha yeye na mtu wa kumshika mkono. Tatizo ni kwamba zikitumika, mwenye pointi hushuka. Hilo lilijulikana tangu Harith aliporudi kutoka Dubai, alikokwenda peke yake kwa kiti kinachogeuka kitanda angani. Alirudi akielea usawa wa kigoda, na wiki nzima hakutaka kusemeshwa.

Asubuhi hiyo ya mahamri aliingia chumbani kwa mama yake akijisukuma kwa mikono ukutani.

"Shikamoo mama," alisema kutoka kwenye boriti.

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Mahfudha aliingia na chai. "Kaka, daktari asema mama sasa aweza kusafiri. Mwezi ujao huenda asiweze. Kata tikiti leo."

"Dadangu, mambo haya huyajui. Nikizitumia sasa nala hasara. Nikifika daraja la juu kabisa, mama atawekwa mbele, alale kitandani huko huko angani."

"Mama halali kitandani hata hapa chini! Ni mwezi sasa hulala ameketi. Mpe kiti chochote, hata cha karibu na choo."

"Kimebaki kidogo tu," Harith alisema kwa upole. "Akilazwa mara moja nyingine, nimefika."

Alisema hivyo hivyo, mbele ya mgonjwa. Jasho lilimchuruzika kisiginoni likaanguka kwenye shuka ya mama yake, na kidole chake gumba kikaigusa ile nguo nyeupe msumarini, kikaacha alama. Mahfudha alilifuta jasho kwa pindo la leso. Zile nyayo zilikuwa laini, nyekundu, nyayo za kitoto kwenye miguu ya mtu mwenye mvi, na alikuwa amezitazama muda mrefu kuliko alivyoutazama uso wa kaka yake.

"Mwanangu ashakuwa mkubwa," Bi Raiya alisema, akakohoa.

Alilazwa Alhamisi. Harith alilipa kwa kadi, na kabla mama hajavishwa ile barakoa ya hewa, simu ilimpa Harith hongera ya daraja la juu kabisa. Kichwa chake kiligonga dari ya wodi. Muuguzi, Pamela, aliomba feni izimwe isije ikamkata, basi Bi Raiya alifariki katika joto, ameketi, macho yakimtafuta mwanawe juu.

Jeneza lilipotoka nyumbani, Mahfudha aliwatazama wanaume wakilibeba, na juu yake zikaelea zile nyayo hadi kwenye kona ya msikiti. Wanawake walifunika nyuso.

Farid, mume wa Mahfudha, alirudi kutoka kaburini na udongo kanzuni hadi magotini.

"Nimeshuka mimi kumpokea mama," alisema.

"Na mwanawe?"

"Alikuwa juu ya mwarobaini. Sheikh alimwita. Watu wakamwambia, bwana we, zitumie hizo pointi, kata tikiti yoyote hapo kwenye simu, ushuke umlaze mamaako. Akasema zitatumika kwa pupa, zipotee bure. Tena akasema mama ashafika pazuri kuliko Makka."

"Akasema hivyo?"

"Alisema. Kisha akaomba udongo, tukampa kwa beleshi. Akaumwaga kutoka huko juu, upepo ukatutia machoni."

Mahfudha alikwenda uani. Alianza kupanga masinia ya pilau ya hitima kwenye kibanda. Harith alikuwa hapo, juu ya masinia.

"Dadangu, mpishi ameshalipwa?"

"Bado."

"Asilipwe taslimu hata kidogo. Watu watume kwangu, mimi nitalipa kwa kadi. Na turubai, na viti. Waambie."

"Kaka," Mahfudha alisema bila kuinua uso, "mama amezikwa saa hii hii."

"Ndiyo, Mungu amrehemu. Ofa yaisha leo."

Hakukuwa na haja ya kuwaambia watu. Simu zilikwisha kuanza kulia uani, watu wakituma, kwa kuwa majina ya waliochanga husomwa, na ya wasiochanga pia. Farid na Mutuku walileta ngazi, wakang'oa bati moja la paa la kibanda cha uani ili Harith akipanda apite asijikwaruze kichwa. Walifanya hivyo misumari ikiwa midomoni.

Mahfudha alitoa simu kifuani, akatuma mchango wake. Miguu ya kaka yake ikapanda kidogo. Kitu chepesi, cheupe, kikabambuka unyayoni, kikashuka polepole kuelekea kwenye pilau. Alivuta kawa akalifunika sinia, akawaita wageni waje wale.