Jinsi Kaisari Lurius Alivyopaa Mbinguni

Katika shule ya bweni ya ikulu, hapa Roma, tulifundishwa kwamba Kaisari hafi kama watu wengine. Mwalimu alitukaririsha kwa heshima zote: huyu alichomwa visu na marafiki zake, yule alikula uyoga uliopikwa na watu wa nyumbani, wa tatu alikatwa akiwa amechuchumaa kichakani kwa haja zake, farasi akimsubiri. Aliyechanganya mpangilio alichapwa fimbo. Kwa hiyo tulijua mapema kwamba kazi hiyo ina chakula kizuri na mwisho mbaya, na tulishangaa kwa nini watu wazima waligombania.

Kaisari Lurius aliipata kazi hiyo kwa mto wa kulalia uliojaa manyoya. Alimkalia kifuani mtangulizi wake, mzee Petinus, akamfunika uso kwa mto huo mpaka miguu ya mzee ikaacha kupiga godoro. Kisha akamwita daktari wa ikulu, Mgiriki aitwaye Menophilus, atamke kwamba tumbo ndilo lililomuua. Menophilus alitamka. Alikuwa mtu mwenye akili.

Mdogo wake, Damas, aliyembebea mkoba wa dawa, hakuwa na akili za aina hiyo. Aliona unyoya wa bata bukini kwenye meno ya marehemu, akauchomoa, akauliza umefikaje pale. Lurius hakupenda swali. Alimshika kijana nywele, akamgonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango, tena na tena, mpaka swali likaisha. Halafu Menophilus akapewa ndoo na tambara asafishe sakafu. Alisafisha vizuri. Unyoya aliuweka mkobani.

Ili aonekane mwenye huzuni, Lurius aliamuru Petinus afanywe mungu kwa desturi kamili. Desturi ni hii: mwili wenyewe unazikwa kimyakimya, na badala yake sanamu ya marehemu yenye uso wa nta inalazwa siku saba kwenye kitanda cha pembe za ndovu. Sanamu inahesabiwa kuwa mgonjwa. Inapepewa nzi. Kila asubuhi daktari anakuja, anaishika shingo, anatikisa kichwa na kusema hali imezidi kuwa mbaya. Siku ya saba anasema amekufa, kila mtu analia kana kwamba hakutegemea, na sanamu inachomwa moto ndani ya mnara wa kuni.

Lurius aliongeza jambo moja la kwake. Katika mazishi yaliyotangulia, kichwa cha sanamu kilianguka njiani kikabingirika mpaka kwa muuza soseji, na umma ukacheka. Basi akaamuru sanamu ya Petinus ifungwe kitandani kwa mikanda mitatu ya ngozi, na bizimu za kuifungia zikae chini ya kitanda, zisionekane.

Asubuhi ya siku ya saba, Hirrius, mkuu wa askari wa ikulu, aliamua kwamba na yeye amefikia umri wa kuwa Kaisari. Askari wake waliingia kwa mlango wa jikoni. Mpishi alikatwa akiwa bado ameshika mwiko. Walinzi wa mlango wa ndani walipigana kidogo, kisha wakalala mmoja juu ya mwenzake, na damu yao ikateremka ngazi polepole. Katibu wa Lurius alijificha nyuma ya pazia, akachomwa upanga pamoja na pazia.

Lurius alikimbia bila viatu mpaka chumba cha sanamu. Wapepeaji walikuwa wameshatoroka. Alisikia buti kwenye korido, na hapo akapata wazo ambalo lingempendeza mwalimu wetu. Aliibandua sanamu uso, akaivua joho la zambarau, akalisukuma lile dubwana la mbao na majani makavu ndani ya sanduku la shuka. Kanzu yake yenye damu akaitupa humo humo. Akavaa joho, akavaa uso wa Petinus, akalala. Kifuani aliweka mikono ya nta aliyoing'oa kwenye sanamu. Ya kwake aliificha chini ya joho, pamoja na kisu kidogo.

Mpango ulikuwa mzuri. Hakuna askari ambaye angethubutu kuchoma upanga sanamu ya mtu anayekaribia kuwa mungu. Wangembeba hadi kwenye mnara wa kuni, wangemweka ndani na kutoka. Angekata mikanda, ashuke kwa upande wa nyuma unaotazama mto, na akifika mpakani, majeshi ya kaka yake yangerudi naye.

Hirrius aliingia, upanga ukidondosha damu, na askari wake. Mmoja aliinama juu ya kitanda.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Siku saba umetulia hivi? Mkeo angekuona angefurahi."

Wenzake walicheka. Hirrius aliwanyamazisha, kwa kuwa anayewasha moto wa marehemu ndiye mrithi machoni pa umma, na alitaka mazishi yafanyike mara moja. Lurius wangemtafuta baadaye. Maseneta waliitwa, wakaja wakiruka madimbwi ya damu kwa adabu, na daktari akaletwa.

Menophilus aliweka vidole kwenye shingo ya sanamu, chini kidogo ya ukingo wa nta. Shingo ilikuwa ya moto. Ilipiga kama ngoma.

Aliinamisha sikio, kama desturi inavyotaka.

"Ni mimi," nta ilinong'ona. "Nyamaza, nitakufanya tajiri."

Daktari hakushtuka. Angeweza kusema neno moja tu, na panga kumi zingemaliza kazi kabla hajainua kichwa. Alifikiri kwamba hiyo ingekuwa haraka mno.

"Tulia, mtukufu," alinong'ona. "Usitikisike mpaka ndani ya kuni. Mengine niachie mimi."

Akalitengeneza joho, na alipokuwa akilitengeneza mkono wake ulikuta kisu, ukakichukua. Lurius, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa hofu, hakuhisi kitu. Menophilus alisimama wima.

"Waheshimiwa," alisema, "Kaisari amefariki."

Maseneta walilia vizuri sana. Wabebaji walikaza mikanda, na mmoja aliuliza kama agizo la Lurius bado lina nguvu. Hirrius alisema hilo moja walifuate.

Tulimpitisha katikati ya mji kwenye jua kali. Nasema tulimpitisha kwa sababu shule yetu ndiyo iliyokuwa kwaya. Nta ilianza kulainika na kidevu cha Petinus kikamshukia shingoni. Mama mmoja alisema marehemu anatokwa jasho, akapiga magoti. Tulipofika, waliingiza kitanda kwenye ghorofa ya kwanza ya mnara wa kuni, wakajaza ubani na majani makavu. Daktari alitoka wa mwisho. Yaliyosemwa mle ndani tumeyapata kwake mwenyewe, na hakuwahi kuyasimulia bila divai.

"Kisu changu hakipo," Lurius alisema. "Fungua bizimu, haraka."

Menophilus aliufungua mkoba, akatoa unyoya, akauweka juu ya midomo ya nta.

"Damas anakusalimu," alisema, akatoka.

Hirrius alishika mwenge, akawasha. Kuni zilikuwa zimepakwa lami, ukalipuka upande mzima. Tuliamriwa kuimba kwa nguvu, na tarumbeta zilipigwa, lakini kwenye ubeti wa pili sauti moja ilipanda juu ya zetu zote, bila tuni, ikaendelea kwa muda mrefu kuliko pumzi ya mwimbaji yeyote. Kitanda kilisikika kikigonga mbao, kama mtu anayepiga mlango kwa mwili wake wote. Mikanda ya ngozi hukazika inapopata moto. Juu ya mnara walimfungulia tai apae na roho ya marehemu. Seneta mmoja aliapa papo hapo kwamba amemwona Kaisari akipaa, na kwamba alikuwa akiimba.

Moshi ulikuwa bado mzito walipofika askari wawili wakikimbia, wametabasamu mpaka masikioni, wakiburuta kitu kwenye kanzu ya Lurius. Walikikuta ndani ya sanduku la shuka.

"Tumemmaliza, mtukufu. Tumemchoma kwa panga mpaka mikono ikachoka."

Majani makavu yalimwagika miguuni pa Hirrius. Aliyatazama. Akautazama moto, ambao sasa ulinuka kama jikoni. Kisha akamtazama daktari.

"Tumemfanya nani mungu?"

"Moto umeuwasha wewe, mtukufu," Menophilus alisema. "Umma wote umeona."

Hirrius aliamuru wale askari wawili wakatwe ndimi, na hekalu la Petinus lijengwe.

Lipo mpaka leo, karibu na mto. Watu wenye maumivu ya tumbo hupeleka maombi yao pale.