Kisahani cha Titani

Kisahani changu cha titani kina ukubwa wa kifungo cha shati. Siku niliyofika Unguja, mama yangu, Bi Mize, alikitazama akauliza kama hicho ndicho kilichoniweka Japani miaka yote ile. Nikamwambia ndicho. Akasema, "Haya," kwa sauti ambayo afadhali angenitukana.

Nikamweleza, maana nami sijui kunyamaza. Titani hii imechanganywa na alumini na vanadi. Kule chuoni tuliibana baina ya vyuma viwili kwa nguvu kubwa mno, kisha tukaisokota ingali imebanwa. Isingebanwa, ingekatika. Hii chembe zake za ndani zilimeguka zikawa ndogo sana, nayo ikazidi ugumu, ukingoni kuliko katikati. Vipande vingine nilishavimaliza kwenye majaribio, kikabaki hiki. Jumatatu nikivuka kwenda Dar kukipima ugumu wake, shahada imekwisha, na mwezi ujao naolewa na Haroub.

"Hakipati kutu?" akauliza.

"Hakipati."

"Na si dhahabu?"

"Si dhahabu, Mama."

Nilidhani anajifunza.

Jumamosi alikichukua mezani akakipeleka kwa Mzee Burhanuddin, sonara wetu wa Mji Mkongwe, kiwekwe juu ya pete ya fedha ya Haroub. Mwanamume wa Kiislamu havai dhahabu, na mama hakutaka mkwewe avae fedha tupu kama kila mtu. Mzee Burhanuddin akafanya kama afanyavyo kila sonara kabla ya kukunja kitu: alikichoma mpaka kikawa chekundu, akakiacha kipoe.

Mama aliponiambia alikokipeleka, nilikimbia mpaka dukani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, bibi harusi. Kilikuwa kigumu hasa. Nshakichoma, sasa kimetulia. Tazama rangi yake."

Kilikuwa cha buluu, tena kizuri, na hilo lilinikera zaidi. Moto wa namna ile huzikuza chembe upya, na ugumu wote tuliousokota hupotea. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikalia. Mzee Burhanuddin akaniagizia soda, akaendelea kuisugua pete.

Nyumbani nikamweka mama chini nikamwambia kilichotokea.

"Si utengeneze kingine," akasema.

"Mashine iko Japani."

"Waambie wakutengenezee, wakuletee."

"Kazi ni yangu, Mama. Lazima nirudi mwenyewe, na wanaoingojea mashine hiyo ni wengi."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka."

"Na harusi?"

"Itangoja."

Alikuwa ameishika pete niliyorudi nayo kutoka dukani. Akaifuta kwa ncha ya kanga yake.

"Nlitaka kila kitu kiwe tayari mapema," akasema, "usije ukapata sababu ya kuondoka tena."

Nikamkumbatia, hasira zikiwa bado zinanichoma, kisha nikaenda kulishusha begi la safari.