Mbwa wa Kijani Harusini

Wendell alimkatalia mkewe Lorna asiite fundi wa rangi. "Kupaka ukuta nako kuna ufundi gani?" alijigamba. Siku hiyo akasahau ndoo juu ya ngazi, akaisogeza ngazi, na rangi yote ya kijani ikammwagikia mbwa wao. Mbwa akatoka mbio mpaka kwa jirani kwenye harusi, akajikung'uta katikati ya wageni. Bibi harusi akapiga ukelele.

Wendell alifika akihema, miguu mitupu.

"Mbwa wa nani huyu?" baba wa bibi harusi akafoka.

Wendell alitamani ardhi immeze. "Wangu," akajibu kwa sauti ya chini.

Lorna, mmoja wa waalikwa, akainuka, gauni lake limejaa madoa. "Na mwenye mbwa ni wangu mimi. Jamani, tusameheni."

Wendell hakuthubutu kumtazama.