Muhuri wa Aldermere

Madini ya risasi yakiwa mapya hung'aa mno, na huo ndio ubaya wake. Hiram Kosgei alikuwa amepiga magoti kando ya gari tangu saa nne asubuhi, akiusugua muhuri mdogo wa risasi uliofunga waya wa boneti, mara kwa jivu, mara kwa chai ya rangi iliyolala, ili upoteze ule mng'ao wa kitu kilichozaliwa jana. Aliupulizia pumzi, akautazama kwa jicho moja, akausugua tena. Muhuri ulitakiwa uonekane una umri wa miaka ishirini na sita, naye aliuyeyusha mwenyewe Jumapili iliyopita, watu wote wa shamba wakiwa kanisani. Ulikuwa muhuri wa kumi na moja. Mgongo ulimuuma, na alipofikiri kwamba mkaguzi wa kampuni ya gari angefika Alhamisi, siku mbili tu kutoka hapo, hakuona hofu wala furaha, ila uchovu mtupu.

Gari lenyewe lilikuwa Aldermere, na katika Subukia yote, kuanzia mashamba ya kahawa kule bondeni hadi kwenye maduka ya Wahindi, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya jina hilo. Ilisemwa kwamba kampuni ilianzishwa Uingereza na ndugu wawili waliokuwa mafundi wa saa, watu wakaidi walioapa kuunda injini isiyofunguliwa maisha yake yote. Kila injini ilitiwa muhuri wa risasi kiwandani, na mwenye gari aliyeuvunja alifutwa katika daftari la kampuni, asitajwe tena. Aldermere moja ilivuka jangwa siku tisa bila kuzimwa. Nyingine ilikuwa ya mfalme wa Bara Hindi, na siku ya mazishi yake iliegeshwa mlangoni ikiunguruma, na waombolezaji hawakuisikia. Hili la Subukia lilinunuliwa na Kapteni, mwenye shamba, mwaka 1931. Lilikuja kwa meli hadi Kilindini na kwa treni hadi Nakuru, na tangu siku hiyo halikuwahi kuharibika. Ndivyo ilivyosemwa.

Aliyeyasema hayo yote alikuwa Kosgei. Kapteni hakuwa mtu wa maneno mengi, na masetla wenzake walikuwa na magari yao ya kujivunia. Dereva wake ndiye aliyekuwa akisimama nje ya hoteli mjini Nakuru, kitambaa cha kufutia vumbi begani, akiwasimulia madereva wengine habari za wale ndugu wawili mpaka wasahau kuvuta sigara zao. Alikuwa na kipaji, na alijua kwamba anacho. Lile jangwa lilizidi kupanuka kila mwaka. Akiulizwa kama kweli boneti haijawahi kuinuliwa, alinyoosha kidole kwenye muhuri, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulishinda viapo vya watu wengine.

Ukweli ni kwamba gari liliharibika kama gari lolote lile. Mara ya kwanza lilikufa kwenye mpando wa kutokea Subukia kwenda Bahati, mwaka 1936, mvua ikinyesha. Kapteni alikaa juu ya jiwe akashika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyepokea habari za msiba. Naftaly Ngigi, dereva wa trekta la shamba, ndiye aliyeukata waya na kufungua boneti, Kosgei akimshikia mwavuli. Walipomaliza, Kapteni aliwaambia kwa Kiswahili chake cha shambani kwamba ile gari hapana haribika. Hakuwatisha wala hakuwaahidi kitu. Ngigi akachonga alama ya kiwanda kwenye ncha ya bolti kuukuu, wakayeyusha risasi ya betri, wakaubonyeza muhuri wao wa kwanza, na Kosgei akaanza kufundishwa kazi hiyo chini chini. Miaka iliyofuata mwanafunzi alimpita mwalimu, na mwalimu mwenyewe alikiri. Kisha mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ikawapakia Wakikuyu wa mashamba yale kwenye malori, Ngigi na familia yake wakiwemo. Hakurudi. Bolti ilibaki na Kosgei, na shahidi wa pekee akawa ameondoka nayo ile kazi kichwani mwake.

Tangu hapo alikuwa peke yake ndani ya siri hiyo, na siri ilikuwa na masharti yake. Mtu ambaye gari lake haliharibiki hana sababu ya kujua spana inashikwa vipi. Kwa hiyo Kosgei hakugusa chombo chochote mbele za watu. Lori likikwama barabarani alipita kama asiyeona, hata kama mlio wake ulikuwa umeshamwambia ugonjwa uko wapi. Vijana wa shamba walimwita Mwosha Malkia, malkia mwenyewe akiwa gari, akacheka nao.

Sasa Kapteni alikuwa amekufa, mwaka wa pili ukienda. Memsahib, mkewe, alitaka kurudi kwao, na kulikuwa na mtu huko Uingereza aliyekubali kulichukua gari kwa sharti moja tu, kwamba kampuni itoe hati kuwa muhuri haujavunjwa. Gari likienda, kazi ya Kosgei ilikuwa inakwenda nalo. Alikuwa na miaka hamsini, na aliyelinunua shamba tayari alikuwa na dereva wake.

Mwezi uliotangulia alikuwa ameshuka Nakuru kwa Gurdit, Kalasinga wa kilemba mwenye gereji nyuma ya stesheni, akamwomba kazi ya ufundi. Gurdit alicheka mpaka akavua miwani.

"Kosgei, wewe mwenyewe umeniambia hapa, si mara moja, hiyo injini mtu hajagusa. Sasa huo ufundi umejifunza kwa nani, kwa ndoo ya maji?"

Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia alete barua ya mwajiri wake iliyoandikwa kwamba ni fundi, aje aanze kazi hata kesho yake. Kosgei aliporudi akamweleza Memsahib, mama yule alimtazama kwa macho ya mtu ambaye naye hajalala vizuri siku nyingi. Alimjibu kwamba atampa barua, lakini baada ya mkaguzi kuondoka, na kwamba Kosgei ajue mwenyewe la kusema. Hapo ndipo alipoondoka kwenda kutafuta risasi ya muhuri wa kumi na moja.

Alhamisi mkaguzi alifika ndani ya gari kuukuu la jeshi lililotapakaa vumbi la barabara. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye kucha zilizokatwa fupi mno. Alikuwa amekaa katika karakana za jeshi Nairobi wakati wa vita, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, cha namna yake. Alikunywa chai barazani, akamwomba Memsahib akatafute karatasi za mwaka 1931, kisha akaenda kwenye gari na Kosgei akimfuata. Aliutazama muhuri kwa lenzi muda mrefu. Akaunusa. Kisha, kwa kuwa yeye tu ndiye aliyeruhusiwa na kampuni, akatoa koleo akaukata, akainua boneti.

Kosgei alitazama majani ya kahawa ng'ambo ya ua. Alisikia vidole vya mzee yule vikipita polepole juu ya injini, vikisimama, vikiendelea, vikisimama tena. Vilipokawia sana, alijua vimefika kwenye pampu ya maji.

"Nani natengeneza hii?"

Ndani ya ile pampu kulikuwa na kigurudumu cha shaba. Kile cha kiwandani kililika mwaka 1949, na Kosgei akachonga kingine kutokana na kengele ya fahali wa baba yake, wiki tatu, kwa tupa moja na mshumaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali lile. Miaka ishirini na mmoja alikuwa amejizoeza kutolijibu, na sasa jibu lilitoka kwa urahisi uliomshangaza.

"Ni mimi."

Mkaguzi hakukasirika. Alivua koti, akalitundika kwenye kioo cha pembeni, akaomba aonyeshwe. Kosgei akamwonyesha. Alimwonyesha gasketi ya ngozi ya mbuzi iliyopikwa kwenye mafuta, springi za vali alizozipasha moto upya, mahali ambapo ufa mwembamba ulizibwa na sasa hauonekani mpaka uambiwe ulipo. Mzee aliuliza maswali ya mtu anayejua, namna alivyoupata ule mzingo wa shaba bila mashine, na kwa nini alichagua ngozi. Walibishana juu ya springi. Mafuta yaliwaingia wote wawili hadi kwenye viwiko, na Kosgei akajiona akicheka, akaona raha ambayo hakuwahi kuionja tangu Ngigi apandishwe kwenye lori. Alitamani Memsahib asizipate zile karatasi.

Walipofika mwisho wa injini, alisema alichokuwa akikitaka. Alimwomba mkaguzi aandike mstari mmoja tu, si lazima kwenye hati ya kampuni, hata kwenye kipande cha karatasi, kwamba kazi ile ni ya Hiram Kosgei.

Mzee alijifuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine.

"Mimi napita Rangoon, napita Cairo, napita Bombay," alisema. "Kila pahali, iko mtu kama wewe. Kila pahali. Kazi yangu ni kuandika kwamba mimi hapana ona yeye."

Alilisema bila majivuno, macho yakiwa kwenye kitambaa. Kisha akafungua kisanduku chake, akatoa waya mpya na risasi halisi ya kiwanda, akafunga boneti na kuubonyeza muhuri kwa koleo maalumu. Ulikuwa unang'aa mno, lakini wa kwake haukuhitaji jivu.

Hati iliwekwa juu ya meza ya barazani. Ilitaka sahihi ya mtu aliyelitunza gari, athibitishe kwamba injini haijafunguliwa na mkono wa mtu yeyote nje ya kampuni. Memsahib alikuwa amekwisha andika barua yake, ameishika mkononi, haitoi wala haifichi. Kosgei aliisoma hati mara mbili, maana shule ya misheni ilimpa kusoma hata kama haikumpa zaidi. Alifikiri kwamba atakataa. Aliyaona kabisa maneno ya kukataa. Lakini alikuwa amechoka, na mkono wake ulikuwa umezoea kulilinda jina lile kuliko ulivyozoea kitu kingine chochote, ukatia sahihi. Mkaguzi alikuwa akiitazama kahawa ya ng'ambo ya ua.

Mkaguzi alipoondoka Memsahib akampa barua, naye akaifungua njiani akielekea kwenye nyumba za wafanyakazi. Memsahib alikuwa ameandika kwamba Hiram Kosgei amekuwa dereva na mwosha gari kwa miaka ishirini na miwili, kwamba ni mwaminifu, hanywi pombe, na ana mikono safi.

Cheptanui mkewe alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua mahindi juani. Aliyaona mafuta mikononi mwake, akauliza amefanya nini, na Kosgei akakaa chini mavumbini akamweleza yote. Alianza na ile siku ya mvua kwenye mpando, akaja kwa Ngigi na bolti, akafika kwenye kengele ya fahali, ambayo Cheptanui aliambiwa zamani kwamba iliibwa. Alieleza mihuri yote kumi na mmoja. Mwishoni alimsomea barua. Alidhani atamwonea huruma, na kusema kweli huruma ndiyo aliyokuwa ameifuata.

Gunzi lilikuwa limebaki mkononi mwa Cheptanui, halina tena punje.

"Kumbe wewe ni fundi," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka hii yote mimi naitwa bibi ya mwosha gari. Kisimani, kanisani, hata kwa dada zangu huko Kuresoi. Na wewe ni fundi."

Kosgei akaeleza kwamba siri haikuwa yake, kwamba Kapteni alimwamini, kwamba neno moja tu kisimani lingefika Nakuru kabla ya jioni.

"Hiyo gari ya wenyewe umeitunzia jina lake," Cheptanui alisema. Sauti yake haikupanda. "Sasa mimi, umenitunzia nini?"

Aliinuka, akakung'uta sketi yake, akaingia ndani. Kosgei alisikia kitanda kikisukumwa, kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Alipotoka alikuwa amekumbatia cherehani ya mkono, ile aliyopewa na mama yake, aliyokuwa akishonea sare za watoto wa shamba zima. Ilikuwa imegoma katikati ya shati, na kwa miaka sita alikuwa akishona kwa sindano, usiku kwa mchana, mpaka ncha ya kidole chake cha shahada ikawa ngumu kama ukwato. Siku ile ilipogoma alimwita mumewe aitazame, na mumewe akamjibu kwamba hayo ni mambo ya mafundi.

Aliiweka chini mbele ya magoti ya mumewe, akaondoa kitambaa.

Kosgei alishika mpini akauzungusha nusu, ukakwama. Hakuhitaji kuuzungusha zaidi. Siku ile alikuwa uani akilisugua gari, na aliisikia cherehani kupitia dirishani, mlio mmoja mfupi wa chuma, akajua papo hapo ni kipande gani kimesogea na kimeelekea wapi. Alijua, akachovya kitambaa chake kwenye ndoo, akaendelea kuosha.

"Ni kazi ya muda gani?" Cheptanui aliuliza.

Angeweza kusema siku mbili. Angeweza kusema wiki, na angeaminiwa, kwa maana hakuna aliyeaminiwa kuliko yeye katika bonde lote lile.

"Robo saa," alisema, macho yakiwa chini.

"Robo saa," Cheptanui akarudia. Akakaa tena mlangoni, akavuta ungo wa mahindi mapajani, akachukua gunzi jingine.