Paka Aliyetaka Kutafuniwa

Paka alikinusa kipande cha nyama, akanitazama usoni, akakipa kisogo. Hakukimbia wala hakulia. Aliketi pembeni, akakunja mkia juu ya miguu yake, akangoja kama mtu mzima aliyeletewa chai baridi ugenini na adabu ikamzuia kusema.

"Kula basi, bwana mkubwa," nikamwambia. "Wenzako wako jalalani wanagombania magamba."

Akafumba macho.

Siku hizi nina wajukuu, nao hupenda niwasimulie vituko vya paka yule. Nikifika hapo alipofumba macho wanacheka mpaka wanaanguka, nami huwahi kuwategea kitendawili kabla hawajauliza kilichofuata. Kilichofuata sijawahi kukisimulia. Leo nakiandika, maana karatasi haiulizi, "Bibi, mbona umenyamaza?"

Mume wangu alikuwa fundi saa. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilichokuwa karakana yake: meza yenye ukingo ili vijipande visidondoke, taa ya shingo ndefu, kioo cha kubana kwenye jicho, na ukuta mzima wa saa, kila moja ikisema lake. Mimi nilikuwa mpishi wa shule ya bweni. Miaka ishirini na minane nilisukuma mwiko unaonizidi kimo, nikiwalisha watoto mia nne. Kitabu nilikiishia darasa la saba, lakini kuna kitu kimoja nilikuwa nakisoma kuliko walimu wote wa shule ile, nacho ni sahani. Uso wa mlaji hudanganya. Mwanafunzi atakwambia, "Asante mama, kitamu," kumbe tonge kalificha chini ya kijiko. Sahani haina adabu wala haya. Itakwambia nani anaumwa, nani kagombana na rafiki yake, nani kapata barua ya nyumbani. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Na sahani ya mume wangu ilikuwa ikirudi nyeupe.

Alikula palepale kwenye meza yake ya kazi, kwa sababu saa ya mtu ikishapasuliwa tumbo haiachwi peke yake. Nami nikitoka kazini nilikuwa nimechoka kutazama watu wakila. Niliweka chakula karibu na koleo zake ndogo, nikaenda kunyoosha mgongo. Tuliishi hivyo tangu tulipooana, na hakuna aliyeona kasoro. Chini ya meza alilala paka, dume la rangi ya majivu, tuliyempa jina la Bwana Afya kwa jinsi alivyokagua kila kilichoingia jikoni.

Alipokuja kwetu alikuwa mwizi wa kawaida, hata maganda ya mayai alikula. Mwaka wa mkasa huu ndipo alipoanza makuu. Kwanza aliacha vichwa vya samaki. Kisha maziwa yaliyolala. Halafu akawa hali kabisa jikoni. Ukimwekea ananusa, anageuka, anakwenda zake chumba cha mbele polepole, tumbo likiyumba. Anakataa kila kitu, na bado ananenepa! Nikamweleza muuza nyama wangu, naye akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Mama, huyo si paka, huyo mke mwenzio. Mchunguze mzee."

Nikacheka naye. Nilifika nyumbani nikaufanya mkasa ule kitendawili, nikamtegea mume wangu nikiwa nimeegemea mlango: "Hapiki, hachumi, halali njaa, na chakula cha mwenye nyumba anakikataa." Kwetu sisi wawili vitendawili ndivyo vilikuwa maongezi. Akishindwa mtu humpa mwenzake mji, ndipo aambiwe jibu, na mume wangu hakuwa mtu wa kutoa mji upesi. Angeweza kushindana nami mpaka chai ipoe.

"Nimekupa mji," akasema siku hiyo, hakuinua hata kichwa. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo. Vumbi la saa, alisema.

Mwaka uleule nilipunguza viuno vya suruali zake mara mbili. Niliona, nisiseme sikuona. Nilikaa na sindano mkononi nikajiambia kwamba uzee huanzia kiunoni, na mbona sahani ni nyeupe? Kati ya suruali na sahani, nikaiamini sahani.

Basi Jumamosi moja mume wangu alikwenda kutundika saa kubwa kwenye ofisi ya posta, akashinda huko. Siku hiyo dada yake mkubwa akaja kunitembelea. Mimi na wifi yangu yule hatukuwa tukikaa dakika tano bila kuchokozana. Nilikuwa nimechemsha nyama laini, nikamkatia paka kipande kizuri kabisa, ndipo alipokinusa na kukipa kisogo.

"Mtazame," wifi akasema. "Kajifunza kwako. Siku ulipoletwa kwetu ulikaa hivyohivyo, umekunja miguu, kula hutaki."

"Nilikuwa naogopa mtanila mimi."

"Tungekula nini pale? Mifupa mitupu!" Akakiokota kile kipande. "Huyu si kwamba hataki. Huyu anataka kutafuniwa kama mtoto wa kikopo."

Kwa mzaha tu, akakitia kinywani, akakitafuna, akakitema kwenye kiganja, akainama.

Paka akafumbua macho. Akaja mbio, akala pale kiganjani, akalamba mpaka katikati ya vidole, kisha akainua uso kungoja kingine.

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Haki ya Mungu, wifi, umezaa uzeeni! Unamtafunia tangu lini?"

"Nani, mimi? Mimi nimtafunie paka?"

"Basi yuko anayemtafunia. Mnyama haamki tu asubuhi na tabia kama hii."

Nilikuwa bado nacheka. Nakumbuka mdomo wangu ulikuwa wazi bado wakati kicheko kilipokwisha ndani yake.

Nikaenda chumba cha mbele. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya meza ya fundi, mahali nilipopafagia miaka yote kwa ufagio mrefu bila kuinama. Kulikuwa na kifuniko cha kopo, kimelambwa mpaka kinang'aa. Kando yake, vitambaa vya kufutia saa, vimefuliwa na kukunjwa vizuri. Sikuwa nimevifua mimi. Kimoja kilikuwa na doa la damu ambalo sabuni ilishindwa nalo.

Nilitoka nacho, wifi akakipokea mlangoni kwa ncha za vidole. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Baba yetu alianza hivi," akasema. "Nyama akawa anaitafuna tu, anameza mchuzi. Wakampasua koo. Akaishi mwaka mzima hana sauti, anatuita kwa kugonga kikombe. Na aliyekuwa akimshikia hicho kikombe ni huyu mumeo. Alikuwa na miaka kumi."

Mume wangu aliporudi jioni alinawa mikono, akaketi kwenye kiti chake, akawasha taa, akangoja sahani. Sikuileta. Nilivuta kigoda cha wateja, nikakaa mbele yake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Sahani nyeupe, mlaji mifupa."

Nilikuwa nimeishi na saa zile ukutani miaka mingi kiasi kwamba masikio yangu yalishaacha kuzisikia. Wakati ule nilizisikia zote. Mume wangu alichukua kioo chake cha jicho, akakifuta, akakiweka chini tena.

"Nimekupa mji," akasema.

"Sitaki mji."

"Nimekupa miji yote, bibie. Chukua na barabara zake."

"Sitaki. Nipe jibu."

Aliinamisha kichwa. Mwanga wa taa ukamwangukia shingoni, nikaona kwa mara ya kwanza uvimbe uliokuwa chini ya taya, mkubwa kama kokwa ya tende. Mwanamume niliyelala naye kitanda kimoja!

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

"Ukaona umwambie paka, mimi uniache."

"Ningekwambia nini? Wewe unavyoitazama sahani ikirudi..." Akameza mate, na kumeza kwenyewe nikakuona kulivyomchukua. "Nilikuwa naitafuna, bibie. Ladha yote niliipata. Kila siku niliipata. Kushusha tu ndiko kulikonishinda."

Hapo nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Nilipiga meza kwa kiganja, na magurudumu ya saa ya mtu, madogo kama mbegu za mchicha, yakaruka ukingo na kutawanyika sakafuni. Tukapiga magoti wote wawili kuyatafuta. Na hukohuko chini, ambako kila mmoja alikuwa anatazama sakafu na hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake, ndiko alikokubali kwenda hospitali.

Daktari alikuwa binti mpole, rika la kitinda mimba wangu. Alizitazama picha za koo, akatutazama sisi. "Mngekuja alipoanza kupaliwa..." akasema, kisha akashughulika na kifuniko cha kalamu. Hakumaliza. Kwa sentensi ile darasa la saba linatosha.

Alituambia kupasua hakungesaidia tena. Mume wangu akashusha pumzi, akaegemea kiti kama mtu aliyesamehewa kesi. Nikatamani kumzaba kofi, nikatamani kumbeba.

Miezi ikapita, mitatu na siku kadhaa. Alianza na uji mwepesi, ukaja uji wa kuchujwa, yakabaki maji ya kijiko. Paka alihamia kitandani. Aliketi kifuani pake, akautazama mdomo wake siku nzima kama mteja aliyefika dukani na kukuta pamefungwa. Nilimwekea nyama, nikamwekea samaki, nikamwekea mpaka siagi. Alipungua yeye pia, manyoya yakasimama. Nilipomwona nilijiuliza: je, ile sahani ndiyo iliyonidanganya, au ni mimi niliyeiomba inidanganye? Kitendawili hicho nimekitolea mji mara nyingi, na mpaka leo hajatokea wa kunipa jibu.

Nami nikaacha kupika nyumbani. Niliona si utu kukaanga kitunguu mbele ya mtu asiyeweza kumeza mate yake. Nikawa nakula kazini, nyuma ya stoo, nimesimama, harakaharaka kama aliyeiba. Nikifika nyumbani nanawa mikono kwa ndimu, nasukutua, ndipo naingia kwake.

Alasiri moja akaniita kwa kidole. Sauti ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi. Lazima uinamishe sikio.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Wapi?"

Nikawa natengeneza shuka.

"Leo siku ya tisa sijasikia harufu ya kitunguu nyumba hii." Akapumzika, akakusanya nguvu. "Nilikuficha, nawe unanificha. Ndivyo tutakavyoagana?"

Nikaliachia shuka.

"Pika," akasema. "Uje kula hapa, nikuone."

Nikapika wali na nyama. Mikono iliyolisha watoto mia nne haikujua kipimo cha sufuria ya mtu mmoja. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, goti langu likigusa ubavu wake, nikamega tonge. Paka hakuligeukia, alikuwa bado anamtazama yeye. Tonge la kwanza lilikwama, nikalisukuma kwa maji. La pili likashuka. Mume wangu alikuwa amelikazia macho koo langu, na kila lilipopanda na kushuka, nililiona lake nalo likijaribu.

"Chumvi imekaa?" akauliza.

Katika haraka yangu sikuwa nimetia hata chembe.

"Imekaa," nikasema, nikamega jingine.