Alama Thelathini na Nane

Wanafunzi wenzake walimwita Bibi Muuguzi, kwa kuwa aliwazidi wote umri na alikuwa ameuguza watu miaka kumi na minne kabla ya kuja chuo kikuu kusomea shahada. Wodini kwake ndiye aliyekuwa mkalimani kila alipokuja daktari mgeni.

Kwa hiyo matokeo ya mtihani wa Kiingereza yalipobandikwa ubaoni, aliyasoma mara tatu. Alama thelathini na nane. Darasa la Chini, la wanaoanza Kiingereza. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kompyuta, dakika arobaini, spika za masikioni zinakwaruza, na maswali mengine ni ya vifaa vya kutelezea kwenye theluji. Theluji! Bintiye, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha Kiingereza mezani jikoni, alicheka kwenye simu akidhani anataniwa.

Aibu angeimeza. Lakini Darasa la Chini lilikuwa Jumanne na Alhamisi asubuhi, saa zile zile za somo la dawa, na aliyekosa somo la dawa hurudia mwaka.

Akaandika rufaa kwa Kiingereza, kurasa mbili, akampelekea msajili. Msajili akasoma, nyusi zikapanda.

"Barua safi hii, mama. Nani kakuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Aa, mama! Kwa thelathini na nane?"

"Nipe karatasi."

Akaandika kwa Kiingereza pale pale dirishani, wima, foleni ikiguna nyuma yake: jinsi ya kumwambia mzazi kwamba mtoto hatapona. Msajili alisoma hadi nukta ya mwisho. Akavua miwani.

"Nakuamini, dada yangu. Ila kompyuta haina mahali pa kujaza kwamba nimekuamini. Mtihani mwingine ni mwakani."

"Sasa wewe umewekwa hapo kwa kazi gani?"

Msajili aligonga rufaa na ile karatasi muhuri wa kupokelewa, akamwita anayefuata.

Alhamisi, Bibi Muuguzi aliketi Darasa la Chini. Ng'ambo ya ua aliwaona wenzake wakiingia maabara ya dawa na makoti yao meupe, mlango ukafungwa.

"Na wewe, mama, usiogope," mwalimu alimwambia polepole, kama anayesema na kiziwi. "Jaribu kututajia siku za wiki."

Akazitaja zote saba kwa Kiingereza, meno yameumana.

"Vizuri sana! Mpigieni makofi."

Wakampigia.