Wanga wa Kiti cha Mbele

Sanduku la Ridhiwani lilipimwa Dar es Salaam kwenye mizani ileile iliyopima mabegi ya nguo. Kijana wa mizani alisoma uzito, akabandika karatasi yenye picha ya glasi, ile ya kuomba mzigo usirushwe, kisha akauliza kama ndani kuna betri au kitu chenye ncha kali. Nadhira akasema ndani kuna mume wake. Kijana akampa pole, akabonyeza kitufe, na Ridhiwani akaondoka taratibu juu ya mkanda wa mpira, nyuma ya televisheni ya mtu.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Alipokuwa hai aliuza vipuri vya baiskeli sokoni Sumbawanga, na safari zake zote zilikuwa za basi. Alikuwa akisema chombo ambacho abiria hawezi kuomba kisimame akachimbe dawa si chombo cha kuaminiwa.

Alikuwa amekufa alfajiri ya siku hiyo. Mdogo wake, Halfani, alipiga simu kutoka Izia, Sumbawanga, kusema kaburi limeshachimbwa, watu wameshakaa, na wingu limefunga upande wa milimani. Nadhira alitaka jambo moja tu: Ridhiwani azikwe leo, jua likiwapo, kama wanavyozikwa watu wao.

"Shemeji, jitahidini," Halfani alisema. "Mvua ikiwahi kabla yenu, tutamzika kisimani."

Ndege ilikuwa ya pangaboi, na ilijaa. Nadhira alikaa karibu na dirisha, pembeni ya bibi mmoja wa Kifipa aitwaye Albina, aliyekuwa anarudi kutoka kumwona mjukuu. Safu ya kwanza walikaa Mheshimiwa na msaidizi wake, Edwin. Mheshimiwa alikuwa ameitwa mheshimiwa kwa muda mrefu kiasi kwamba wengi hawakumbuki tena wa nini. Watu walipoingia walimsalimia mmoja mmoja, na yeye aliitikia bila kuinua macho, kama mtu anayehesabu mbuzi wanaoingia zizini.

Hadi Ziwa Rukwa safari ilikuwa ya kawaida. Walipewa korosho na maji. Walipofika Lyamba lya Mfipa, pale ardhi inapoinuka ghafla kutoka bondeni kama ukuta, ndege ilianza kutikisika, ikashuka mara moja kama ndoo iliyokatika kamba, ikapanda tena. Mtoto alilia. Mwanamume aliyekaa nyuma alitapika kwenye mfuko, akaomba mwingine. Wenye rozari walizitoa, na Nadhira akasoma alichokijua, akirudia palepale kila ndege iliposhuka.

Albina alimshika mkono. "Usiogope, mwanangu. Mimi nimewahi kutoka Laela juu ya fuso la mahindi, nimekalia magunia. Hili angalau lina mkanda."

Sauti ya mhudumu ikasikika. Aliitwa Adela, binti mrefu mwenye skafu shingoni. Alisema wanaanza kushuka kuelekea Sumbawanga, kwa hiyo kila abiria afunge mkanda, asimamishe kiti, afunge meza ya mbele yake na atupe wanga wake.

Hili la mwisho ni la huko tu. Wazee wanasema jina la mji wenyewe ni amri kwa Kifipa: tupa wanga, yaani uchawi wako, ndipo uingie. Zamani mgeni aliutupa kichakani akakaribishwa togwa. Mabasi yalipoanza, ukatupwa dirishani. Ndege zilipoanza kutua, marubani waligundua kwamba chombo kikifika juu ya mji na wanga ndani hakishuki, hata kisukumwe vipi, na jambo hilo likaingizwa kwenye taratibu, baada ya mkanda na kabla ya taa kuzimwa.

Kwa Kiingereza tangazo lilitafsiriwa na mtu wa makao makuu ambaye wanga aliujua wa shuleni, ule unaoorodheshwa na protini na vitamini. Ndiyo maana Adela alipopita na mfuko mweusi, wageni walitumbukiza mikate na viazi. Edwin, ambaye si mtu wa huko, alitoa maandazi mawili aliyofungiwa na mkewe, akasikitika.

Wenyeji walijua. Kila mmoja alipapasa chini ya kiti chake, na alichokuwa nacho kilikuwapo. Mfanyabiashara wa mahindi alitoa debe lililotunishwa tako, lile la kupimia mahindi ya wakulima, akalitia kwenye mfuko wa Adela kwa heshima. Albina alitoa unyoya wa kuku wa jirani aliyekuwa anadonoa ulezi wake, kuku ambaye alikufa ghafla mwezi wa pili. "Ni huyu tu," akasema. "Yule jogoo aligongwa na pikipiki, mimi simo."

Nadhira alipapasa akapata mwiba. Alijua ni wa nini: alikuwa amemwombea mabaya dereva wa gari la wagonjwa. Akautupa. Alijisikia mwepesi kidogo, kisha ndege ikaanza kushuka, ikafika mahali fulani juu ya mabati ya mji, ikadunda.

Ilidunda kama mpira sakafuni. Mizigo iligonga milango ya makabati ya juu, na korosho zikatawanyika. Rubani akazunguka akajaribu tena, ikadunda zaidi. Mara ya tatu haikudunda. Ilisimama. Mapangaboi yalikuwa yanazunguka, mawingu yalikuwa yanapita, na ndege ilikuwa palepale. Nadhira aliona chini paa la soko, na mbele kidogo Izia na mashamba yake, na watu wadogo wenye kanzu wamesimama kando ya shimo jekundu. Mmoja wao alikuwa ameinua uso juu, mkono kwenye paji. Akadhani ni Halfani.

Rubani alizungumza kwa upole. Alisema kuna wanga umebaki ndani. Mafuta aliyonayo yanamruhusu kusubiri kidogo tu. Baada ya hapo atageuza, warudi Dar es Salaam, na ndege nyingine ni Alhamisi. Akawashukuru kwa kusafiri nao.

Wakati huo king'ora kikaanza kulia.

Kililia kwenye kabati la juu la safu ya kwanza, kwa sauti ile inayopanda na kushuka ambayo kila mtu wa mji anaijua. Adela akafungua. Kilikuwa king'ora cha gari la wagonjwa, chekundu, nyaya zikining'inia, na kilikuwa kinadondosha maji ya samaki kwenye koti la Mheshimiwa. Gamba moja lilikuwa limeganda kwenye kioo chake. Adela alikishika kwa mikono miwili na harufu ya migebuka ikajaa ndani ya ndege.

Hakuna mwenyeji aliyehitaji kuelezwa. Siku ya sendofu ya binti wa Mheshimiwa, gari la wagonjwa la kituo cha afya lilitumwa Kirando kufuata samaki, kwa kuwa lilikuwa na nafasi, na kwa kuwa likiwasha king'ora halisimamishwi njiani. Siku hiyohiyo Ridhiwani alishikwa na tumbo. Nadhira alisubiri mlangoni tangu chai ya asubuhi. Gari lilifika alasiri, baada ya kushusha ukumbini, na Ridhiwani akalazwa katikati ya makasha ya barafu ili asipoteze muda zaidi. Alikuwa mpenzi wa samaki. Njiani kwenda hospitali alifumbua macho akauliza, "Leo unanipikia migebuka?" Nadhira akamwambia ndiyo. Utumbo ulikuwa umeshapasuka. Kutoka hapo walimpeleka Mbeya, kutoka Mbeya Dar es Salaam, na kila daktari alisema maneno yaleyale, kwamba laiti angewahishwa mapema kidogo.

Sendofu ilifana. Mfanyabiashara wa mahindi alikuwapo, alikula vichwa vitatu. Albina alipelekewa kipande na jirani, yuleyule wa kuku.

"King'ora hiki ni cha nani?" Adela akauliza.

Utaratibu hauruhusu kutupa wanga wa mtu ambaye hajasema ni wake. Adela aliuliza tena, safari hii akimtazama Edwin. Edwin akasema mheshimiwa amesafiri na begi moja tu la mkononi, na hilo si begi. Akaongeza kwamba makabati ya juu ni ya abiria wote. Mheshimiwa alikuwa amefumba macho. Maji ya samaki yalimdondokea begani, na hakusogea.

Abiria waligeukia madirishani. Mtu angesoma uso wa kila mmoja angedhani hakuna aliyewahi kuona mawingu. Mfanyabiashara alinong'ona kwamba jambo lenyewe ni dogo, mwenye nalo angesema tu watu wakashuke. Alisema kwa sauti ndogo sana, akiyaangalia magoti yake mwenyewe.

"Aseme nani?" Albina akamuuliza. "Wewe uliyekula vichwa?"

"Na wewe bibi kipande chako ulikirudisha?"

Albina aliufungua na kuufunga mkanda wake.

Ndege ikaanza kugeuka. Ilifanya hivyo polepole, ikilalia ubawa mmoja, na shimo jekundu likaanza kusogea kutoka kwenye dirisha la Nadhira. Watu wa kanzu walikuwa bado wamesimama. Upande wa milimani mvua ilikuwa imeshaanza kushuka, nyeupe. Nadhira alifikiria Alhamisi. Alifikiria Ridhiwani amelala kwenye ghala la mizigo siku tatu na picha ya glasi kichwani, na lile shimo likijaa maji, na Halfani akiyachota kwa ndoo.

Akafungua mkanda, akasimama.

"Ni changu," akasema.

Adela akaja hadi kwenye safu yake, king'ora mikononi, kinalia. Akainama. "Dada, una hakika? Ukishasema ni chako, kimekuwa chako. Hakirudi kwa mwingine."

"Nimesikia. Kilete."

"Mwanangu," Albina akasema, akaishia hapo.

Nadhira alikipokea. Kilikuwa kizito kuliko alivyotazamia, na cha baridi. Kilinyamaza hapohapo. Akakitia kwenye mfuko mweusi, juu ya maandazi ya Edwin, na Adela akaufunga mdomo. Ndege ikanyooka. Ikaanza kushuka bila mtikisiko wowote, kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwake.

Mheshimiwa akafumbua macho. Akageuka nyuma hadi akamwona Nadhira, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana, mama," akasema. "Lakini mizigo ya namna hiyo siku nyingine muwe mnaiacha nyumbani. Mnahatarisha watu."

Abiria wachache wakaitikia kwamba ni kweli. Magurudumu yalipogusa ardhi walipiga makofi, na mtu wa nyuma aliyetapika akapiga zaidi ya wote.

Mheshimiwa alipokelewa na akina mama wenye sare za kitenge na wimbo wa beti nyingi. Sanduku la Ridhiwani lilisubiri kwenye mkokoteni mpaka beti zikaisha. Halafu Halfani na wenzake wakalipakia kwenye pikapu, wakakimbia nalo. Mvua iliwakuta wanafukia. Nadhira hakuwapo, maana wanawake hawakwenda. Alikuwa chumbani, ameshaanza eda. Halfani ndiye aliyekuja kumweleza kwamba mambo yamekwisha vizuri, jua lilikuwapo bado, dogo lakini lilikuwapo. Akasema Mheshimiwa alifika mwenyewe makaburini, akatupia udongo wa kwanza baada ya ndugu, akatoa maneno. Alisema marehemu angeweza kuwa hai leo kama watu wangeacha kutumia vibaya mali ya umma. Watu wakaitikia amina.

"Alisema hivyo?" Nadhira akauliza.

"Alisema, shemeji. Na alilia kidogo."

Habari za ndegeni zilifika Izia kabla ya kitanga cha msiba kuinuliwa. Hakuna aliyemlaumu kwa ukali. Wanawake walimletea uji, wakakaa naye, na waliposhuka barazani walisema kumbe gari lilikuwa lake muda wote, na mume mwenyewe ndani, mgonjwa. Mmoja alisema mapenzi ya siku hizi ni ya ajabu. Shehe Suleimani aliwakataza kusengenya, kisha akamwomba Nadhira, kwa heshima, kama gari litapatikana Ijumaa ile, mama yake ana miadi ya macho.

Waliendelea kuja. Kwa kuwa alikuwa edani hatoki, walimkuta kila wakati. Kituo cha afya walipoulizwa gari liko wapi walisema liulizwe kwa mwenyewe, na wakaelekeza nyumba. Watu walisimama nje ya dirisha, upande wa pili wa pazia, wakamweleza shida zao. Nadhira alikuwa na njia moja ya kuwajibu: alivuta pumzi. Kama gari lilikuwa kwenye barabara ya Kirando, alisikia harufu yake. Alipowaambia hivyo walishukuru, kwa sababu ofisini hawakuwa wakiambiwa hata hayo.

Mwezi wa tatu wa eda alikuja Baltazari, mkulima wa pembezoni, mkewe uchungu umemshika tangu jana yake na mtoto amekaa vibaya. Alikuwa amevua kofia. Nadhira akavuta pumzi.

"Limekwenda Kirando, kaka yangu," akasema.

Baltazari akarudisha kofia kichwani nje ya pazia. Kwa mbali pikipiki aliyoikodi ilikuwa inaunguruma, haijazimwa.

"Sawa, dada," akasema. "Ni gari lako, siwezi kukupangia. Ila ungelituma siku nyingine."

Nadhira akamwomba radhi, kwa kuwa ilibidi mtu aombe.